Kucheza na mtoto si hisani

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtajia mzazi wa Tanzania Bara mambo anayodaiwa na mwanawe. Kinaanza na chakula, kinafuata malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, kisha uhuru, na mwisho wa orodha hiyohiyo kinataja haki ya kucheza na kupumzika. Mzazi ambaye mwanawe analala njaa anajua amepungukiwa. Majirani watasema, na ikibidi mjumbe ataitwa. Lakini mzazi ambaye mwanawe wa miaka minne amemaliza wiki nzima bila kukanyaga mchanga hasemwi na mtu. Mara nyingi atasifiwa kwamba mtoto wake ametulia, hazururi, hachafuki. Naona sheria ndiyo iliyoona sawasawa, na sisi ndio tuliopotoka. Kutoka nje na mtoto kila siku, hata kwa nusu saa, na kucheza naye michezo isiyo na gharama ni sehemu ya matunzo, na inastahili kutengewa muda kwa uzito uleule tunaoutumia kutenga fedha za ada.

Tuanze na mwili, kwa kuwa ndio wenye vipimo. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Aprili 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kukimbia na kuruka hadi pumzi ibadilike. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja, na ikipungua ndiyo heri. Asibanwe mahali pamoja, iwe kitini au mgongoni kwa mlezi, zaidi ya saa moja mfululizo. Wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuwatoa jasho. Sasa chukua ratiba ya mtoto wa darasa la kwanza wa Dar es Salaam anayesoma mbali na kwao. Basi la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri kwa sababu yeye ndiye wa kwanza njiani, anasinzia kitini hadi shuleni, anakaa dawatini, kisha anarudi na foleni na kushushwa getini jua likiwa limeshaelemea magharibi. Anaoga, anafanya kazi za shule, anaangalia katuni, analala. Humo ndani hata dakika 20 za kukimbia ni za kutafuta. Mtoto wa Makete au Nachingwea anaweza kuzimaliza dakika zake kabla ya saa nne asubuhi kwa kufukuza kuku na kutumwa kwa jirani. Kwake mbio si tatizo, ila naye anakosa kitu nitakachokieleza baadaye kidogo.

Yako macho pia, ambayo huku kwetu hayatajwi kabisa tunapozungumzia michezo. Mwaka 2008 watafiti walichapisha ulinganisho wa watoto wa miaka sita na saba wenye asili ya Kichina, wengine wakiishi Sydney na wengine Singapore. Waliokuwa hawaoni vizuri vitu vya mbali walikuwa asilimia 3.3 huko Sydney na asilimia 29.1 huko Singapore. Mtu angedhani wa Singapore walirithi, lakini wazazi wa pande zote mbili walikaribiana kwa ubovu wa macho. Angedhani walisoma mno, kumbe wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa saa za kukaa nje: kama saa 14 kwa wiki Sydney, na saa 3 tu Singapore. Baadaye shule za Guangzhou, China, ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 30.4, ilhali katika shule ambazo hazikuongeza walikuwa asilimia 39.5. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga wenyewe. Hata kivulini chini ya mwembe, mwanga wa mchana unazidi kwa mbali sana ule wa taa ya sebuleni, na jicho linalokua linauhitaji. Tatizo hili bado ni dogo Afrika kuliko Asia ya Mashariki, lakini mtoto wa ghorofani Dar es Salaam au Nairobi ameanza kuishi kama yule wa Singapore. (Mwenye ualbino ana taratibu zake: kofia pana, mikono mirefu, na saa za jua lililopoa. Naye ana haki ya kutoka.)

Mpaka hapo msomaji makini atasema nimethibitisha umuhimu wa kwenda nje tu, sijathibitisha kwa nini mzazi aende naye. Jibu lenye nguvu kuliko yote ninayoyafahamu lilipatikana Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu masikini. Baadhi walipewa maziwa ya lishe. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya saa moja kila wiki kwa miaka miwili, akimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mwanawe kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na takataka nyingine za nyumbani. Baada ya miaka 20 waliochezewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakuchezewa, na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa peke yake hayakuacha alama yoyote kwenye kipato. Kweli, michezo ile haikuwa ya nje, na wala sidai kwamba kurushiana mpira kutamfanya mtu tajiri. Ninachokichukua hapo ni kwamba kitu cha kuchezea kilikuwa kopo tupu, na kilicholeta tofauti ni mama aliyekaa upande wa pili wa lile kopo. Kwa Tanzania, nchi ambayo utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, matokeo hayo yalipaswa kuwa yamebandikwa kwenye kila kliniki. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali iliyozinduliwa Desemba 2021, ile PJT-MMMAM, inaliita jambo hili malezi yenye mwitikio. Ni hicho anachokikosa mtoto wa Nachingwea anayekimbia kutwa nzima: mtu mzima wa kumjibu anapoonyesha kitu.

Michezo yenyewe tunayo, na ni mizuri kuliko tunavyoipa heshima. Angalia mdako. Shimo dogo ardhini, kokoto kumi humo ndani na moja mkononi. Mtoto anairusha ile moja juu, anachota zilizomo shimoni kabla haijarudi, anaidaka. Anairusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Katika pumzi mbili amehesabu, ametoa, amekadiria urefu wa mrusho na upana wa kiganja chake, na akikosea hakuna kalamu nyekundu, zamu inahamia kwa mwenzake. Mama akikaa mkekani kucheza naye, na akashindwa kudaka, mtoto anaona mtu mzima akishindwa na kucheka, jambo ambalo darasani haoni. Au rede: wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Nusu ya mchezo huo ni ubishi. Umekugusa, haujanigusa, chupa imejaa, haijajaa. Mtoto wa miaka sita anayebishana na baba yake kuhusu chupa ya mchanga, akamsikiliza, wakakubaliana waendelee, anajifunza kushindana bila kuvunja undugu. Watafiti wa Colorado waliofuatilia ratiba za watoto 70 wa miaka sita na saba walikuta kwamba waliokuwa na muda mwingi usiopangwa na watu wazima waliweza zaidi kujiwekea malengo na kuyafuata wenyewe. Kwa hiyo mzazi anayeingia mchezoni aingie kama mchezaji. Akianza kufundisha, kupuliza filimbi na kurekodi kwa simu, amekwishauharibu.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine: zamani wazazi hawakucheza na watoto wao, na watoto walikua. Kombolela ilichezwa bila baba, ukuti ukuti bila mama, na mtu mzima akikatiza watoto walinyamaza. Ni kweli. Lakini anayelitumia pingamizi hilo anaitazama picha nusu. Mtoto wa uswahilini wa miaka hiyo hakuwa peke yake hata kidogo. Kulikuwa na bibi barazani, mpiga pasi kwenye kona, mama wa nyumba ya tatu aliyekuwa na ruhusa ya kumchapa mtoto yeyote aliyevuka barabara, na kaka wa miaka kumi na miwili aliyekabidhiwa wadogo wanne. Mdako alifundishwa na dada, na hadithi za jioni na bibi. Mtu mzima mmoja hakuhitajika kwa sababu walikuwapo kumi. Leo familia ni ya baba, mama, watoto wawili na dada wa kazi ambaye ameagizwa geti lisifunguliwe. Kaka mkubwa yuko tuisheni, bibi yuko kijijini. Mzazi anayetoka nje na mwanawe anaziba nafasi ambayo ukoo na mtaa viliiacha. Na wala simaanishi acheze naye hadi akue: watoto wa mtaa wakishaonana na kuzoeana, atasogezwa pembeni wenyewe wacheze, na hapo atakuwa amefanikiwa.

Pingamizi la muda ni zito pia, na wengi wanalijibu kirahisi mno. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tuna shida ambayo vitabu vya malezi vilivyoandikwa Ulaya haviijui. Huko, majira ya joto jua linaweza kuwapo hadi saa tatu au nne usiku. Mzazi anatoka kazini, anakula, na bado anakuta mchana. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, na giza huingia upesi. Anayetoka Posta saa kumi na moja na kufika Chanika au Kibaha saa mbili usiku hawezi kumchezea mtoto nje, hata awe na moyo wa namna gani. Kwa hiyo kinachopungua ni mwanga, na ni mwanga unaofaa kupangwa. Yuko mzazi anayeondoka saa mbili asubuhi, ambaye robo tatu ya saa kabla ya hapo anaitumia kwenye simu. Iko Jumamosi na Jumapili asubuhi, saa moja hadi saa tatu, jua likiwa bado la upole. Wako mama ntilie, mafundi, wenye maduka na mawakala wa fedha za simu, ambao mchana wote wako hatua kumi kutoka kwa watoto wao na wana vipindi vya kukosa wateja. Kwao tatizo si saa, ni kutohesabu kwamba kucheza ni kazi inayostahili hata dakika kumi. Na yako matembezi ambayo yapo tayari: kwenda gengeni, kwenda kisimani, kumsindikiza mgeni. Mtoto akiruhusiwa kuruka mitaro, kuokota mbegu za mkwaju na kuuliza kila mdudu ni nani, safari ya dakika tano itachukua ishirini, na hizo ishirini ndizo ninazozizungumzia.

Niseme pia kuhusu akina baba, maana neno mzazi lina tabia ya kumwangukia mama. Mwanamke aliyekwishapika, kufua, kuteka maji na kufanya biashara, akiambiwa aongeze mdako, ana haki ya kukasirika. Kama nyumba ina watu wazima wawili na mmoja wao Jumapili nzima yuko kijiweni au anatazama mpira wa Uingereza, hesabu ya muda haijafungwa vizuri. Anayesema hajui kucheza na watoto awashe taa ya zamani kichwani: gololi, tiara, tairi na kijiti. Alivijua vyote.

Kuhusu masomo, nitakuwa mfupi. Tuisheni ya mtoto wa darasa la pili haina utetezi mzito. Inaendeshwa na woga wa wazazi kuachwa nyuma na wazazi wenzao. Serikali yenyewe mwaka 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali, ikieleza kwamba umri huo unahitaji malezi ya nyumbani. Haitakuwa na maana kumtoa mtoto bwenini ili nyumbani akutane na darasa jingine saa kumi jioni. Kwa wa darasa la saba na mitihani yake, nusu saa ya mpira kabla ya vitabu haimwangushi. Na kwa wale wanaodhani deni la kucheza hulipwa kwa mkupuo, kwa kumpeleka mtoto sikukuu mbili kwa mwaka kwenye majumba ya kupuliza na kumnunulia aiskrimu: sikukuu ni nzuri, lakini hakuna anayemlisha mtoto Idi hadi Idi. Umoja wa Mataifa nao umeipa michezo siku yake, tarehe 11 Juni, tangu mwaka 2024. Siku 364 zilizobaki ni zetu.

Usalama ni jambo la kweli, na mzazi anayefunga geti si mjinga. Bodaboda hupita vichochoroni bila kupunguza mwendo, mitaro haina vifuniko, na habari za watoto kudhulumiwa zinatisha. Lakini tuzitazame hatari hizo vizuri. Udhalilishaji wa watoto kwa sehemu kubwa hufanywa na watu wanaowafahamu, mara nyingi ndani ya nyumba, na geti haliwazuii. Mtoto aliyezoea kucheza na baba au mama yake, akiwa na nusu saa kila siku ya kuzungumza naye upuuzi, ndiye mwenye mahali pa kuanzia siku anapohitaji kusema jambo zito. Kuhusu barabara, mtoto hajifunzi kuivuka kwa kufungiwa hadi miaka kumi kisha kuachiliwa. Hujifunza akiwa ameshikwa mkono, mara mia. Magoti yatachubuka, na mti wa mpera utamwangusha mtu. Ellen Sandseter, mtafiti wa Norway ambaye kwa miaka mingi amechunguza michezo yenye hatari kidogo, anatetea kwamba kupanda, kukimbia kwa kasi na kujaribu urefu humfundisha mtoto kupima woga wake. Kazi ya aliyesimama chini ya mpera ni kujua tawi gani limeoza, mengine amwachie aliye juu.

Linabaki la nafasi, na hapa mzazi mmoja hatoshi. Viwanja vya wazi vya miji yetu vimemegwa kwa miaka mingi: hapa fremu za maduka, pale gereji, kwingine ukuta uliojengwa usiku wa Ijumaa hadi Jumapili. Uwanja ambao watu wazima hawaukanyagi haumilikiwi na mtu machoni pa mvamizi, na watoto hawana sauti ya kumzuia. Ukitumiwa kila jioni na wazazi kumi wenye ndala na mipira ya soksi, nguzo ya kwanza ikichimbiwa itaonekana siku hiyohiyo, na wa kuuliza kibali watakuwapo. Bristol, Uingereza, mwaka 2009 wazazi walianza kuomba barabara ya mtaa wao ifungwe kwa magari saa chache ili watoto wacheze, na utaratibu huo ukaenea miji mingine. Sisi tunafunga barabara ya mtaa kwa turubai la harusi na kwa msiba bila taabu, kwa hiyo hatuwezi kusema haiwezekani. Saa mbili za Jumapili jioni kwa ajili ya rede ni ombi dogo kuliko turubai. Ombi hilo linapelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pamoja na swali la kiwanja gani kwenye ramani ya mtaa kimeandikwa cha wazi na sasa kina nini juu yake. Mikutano ya mtaa huwa na ajenda za ulinzi shirikishi, taka na maji. Karibu kila nyumba inayohudhuria ina watoto, na hakuna kanuni inayozuia ajenda ya nne.